Ugogo: Jua Kali na Akiba Iliyochukuliwa

Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, nayo kwa wastani haizidi milimita 600 kwa mwaka. Februari huweza kukatika wiki mbili tatu, na hapo ndipo mahindi huungua. Wagogo, wenyeji wa huko, waliizoea hali hiyo zamani: walilima uwele na mtama, wakafuga ng'ombe, na mwaka ukiharibika waliswaga mifugo hadi kwa majirani kuibadilisha kwa nafaka. Maji nayo yalikuwa na wenyewe. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu haikuvuka Ugogo bila kuwalipa watemi hongo, yaani ushuru wa njia. Wasafiri wa Kizungu Burton na Stanley walinung'unikia sana malipo hayo, japo visima walivyonywea havikuwa vyao.

Kwa hiyo ukiambiwa njaa ya Ugogo huletwa na jua, uliza kwanza akiba ilikwenda wapi.

Chukua Mtunya, njaa kuu iliyoanza 1917. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikomba ng'ombe na nafaka kulisha askari wao. Waingereza walipoingia Dodoma mwaka 1916 nao wakakomba kilichosalia, na wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Mvua ilipogoma, hapakuwa na ng'ombe wa kubadilisha wala nguvu ya kulima upya. Mafua makali yakawakuta watu tayari wamedhoofu. Kadirio linalotajwa mara nyingi ni vifo 30,000 katika watu kama 150,000. Ukame ulikuwepo, hilo halina ubishi, lakini ulimkuta mtu aliyekwisha kuporwa.

Mwaka 1947 Waingereza walirudi na wazo jingine: karanga, ili kuziba upungufu wa mafuta ya kula kwao. Matrekta yakashushwa Kongwa, humo humo Ugogo. Udongo mwekundu wa pale ukikauka hukaza kama saruji, karanga hazing'oki, na mvua haikutii ratiba ya London. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30. Mkulima yeyote wa jirani angewaambia bure.

Serikali huru nayo ilikuwa na haraka zake. Operesheni Dodoma, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikusanya kaya zilizotawanyika kwenye vijiji vikubwa. Shule na zahanati zikasogea karibu. Lakini mtu aliyekuwa na vishamba sehemu mbili tatu, kimoja kikikosa mvua kingine kikapata, sasa alibanwa mahali pamoja. Ukame wa 1973 hadi 1975 ulipoikumba nchi nzima, taifa liliagiza nafaka nje na kutangaza Kilimo cha Kufa na Kupona.

Leo jiji la Dodoma linanywa maji ya visima virefu vya Mzakwe, huku watafiti wa kilimo wa Hombolo wakihimiza mtama unaokomaa mapema. Ushauri ni mzuri. Ila mtama una adui ambaye mahindi hayamwogopi sana: ndege aitwaye kwelea. Zamani watoto waliamia ndege tangu alfajiri. Sasa wako darasani, na ndivyo inavyopaswa. Mkulima anapiga hesabu ya nani atakayelinda shamba, kisha anapanda mahindi, akijua Februari inakuja.