Neno "Manowari" na Asili Yake

Kila neno la kigeni lililoingia katika Kiswahili lina njia lililopitia. "Kitabu" ni neno la Kiarabu. "Meza" limetoka kwa Wareno. "Manowari", yaani merikebu ya vita, limetoka kwa Waingereza, nalo lilikuja pamoja na mizinga.

Asili yake ni "man-of-war", na maana yake, tukifasiri neno kwa neno, ni "mtu wa vita". Hapo kale Waingereza walimwita hivyo askari. Kufikia mwisho wa karne ya 15, jina hilo lilikuwa limekwisha kuhamia kwenye chombo chenyewe. Katika matamshi ya mabaharia sauti ya "f" ilimezwa. Waswahili walilipokea kwa sikio, wakalitia irabu mwishoni kama ilivyo desturi ya lugha yetu. Kwa hiyo "ma-" ya mwanzo si kiambishi cha wingi: twasema manowari moja na manowari tano, wala hakuna "nowari".

Mabaharia wetu walikwisha kuwa na majina ya vyombo vyao: mtepe, dau, jahazi. Kwa nini basi walihitaji neno jipya? Historia inatujibu. Katika karne ya 19 manowari za Uingereza zilizunguka pwani hii zikiyasaka majahazi ya watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara hiyo kwa njia ya bahari, baada ya kutishiwa kwamba Unguja ingezingirwa. Lakini chombo kilichowaokoa watumwa ndicho kilichoutumikia ukoloni. Tarehe 27 Agosti, 1896, manowari za Uingereza ziliipiga mizinga ikulu ya Unguja kwa muda usiotimia hata saa moja, ili kumwondoa Khalid bin Barghash aliyekuwa amekitwaa kiti cha usultani bila idhini yao. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa.

Wenyeji waliokiona chombo hicho bandarini hawakuhitaji kamusi ili wajue maana yake.

Leo neno hili ni letu, nasi twalitumia kwa merikebu ya vita ya taifa lo lote. Mwalimu anapolifundisha, asiishie kwenye maana. Awaeleze wanafunzi na njia lililopitia, kwani lugha huhifadhi hata yale ambayo watu wangependa kuyasahau.