Boila Ambayo Haijafika Tunduma

Neno "garimoshi" hunichekesha kila nikilikuta kwenye habari za Tunduma. Reli ya TAZARA ilifika pale mpakani mwaka 1973, ikakabidhiwa rasmi 1976, na tangu mwanzo ilivutwa na vichwa vya dizeli kutoka China. Moshi ulikuwepo, sawa, lakini si wa makaa. Vwawa na Tunduma ziliruka zama za mvuke kabisa.

Ndiyo maana wapenzi wa reli hawachoki kuuliza: kwa nini tusilete kichwa cha mvuke kivute watalii? Nairobi kipo kimoja kizuri, Mount Gelai, kilichopewa jina la mlima wa kwetu Tanzania: tani 252, kimoja kati ya 34 vilivyoundwa na Beyer Peacock wa Manchester. Lakini reli yake ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA 1,067. Basi, hakiji. Livingstone, Zambia, kuna vichwa vya mvuke vinavyotembeza watalii kwenye reli ya upana uleule wa Tunduma. Kwa hiyo njia ipo. Kazi iko kwenye bima.

Bima ya boila ina historia ya ajabu kidogo. Manchester, mwaka 1854, William Fairbairn na wenzake waliunda chama cha watumiaji wa mvuke, kazi yake kukagua boila kabla hazijalipuka. Aprili 1865 meli ya Sultana ililipuka boila katika mto Mississippi, wakafa watu zaidi ya 1,100. Mwaka uliofuata kampuni ya bima ya boila ikaanzishwa mjini Hartford, Marekani. Makampuni haya yaligundua jambo moja: kulipia maiti ni ghali kuliko kumlipa fundi mwenye taa na nyundo aingie ndani agongegonge.

Mashirika ya reli yalibaki nje ya mpango huo. Sheria ya viwanda ya Uingereza ya 1901 iliziacha boila za vichwa vya kampuni za reli, kwani kampuni hizo zilikuwa na karakana na wakaguzi wao. Shida huanza kichwa kikistaafu. Kikiingia mikononi mwa makumbusho au chama cha wapenzi, karakana ile haipo tena nyuma yake, na sasa mkaguzi wa bima ndiye mwenye neno la mwisho. Uingereza ni kawaida kila baada ya miaka 10 hivi mabomba yote ya boila yatolewe.

Wanaoona huo ni usumbufu wasome habari za Gettysburg, Pennsylvania. Juni 1995 treni ya watalii iliishiwa maji juu ya tanuru, na kioo cha kuonyesha kiasi cha maji kilikuwa kimeziba. Dari la tanuru likalegea kwa joto, likapasuka, mvuke ukawaunguza wafanyakazi watatu. Walinusurika kwa sababu dari lile liliundwa ili liachie kidogo kidogo. Baadaye Marekani iliandika upya kanuni zake za ukaguzi.

Kwetu, sheria ya usalama mahali pa kazi ya 2003 inataka boila ikaguliwe. Ila boila ya kiwandani imetulia palepale. Hii ya reli hutikiswa kutwa nzima, na maji yake huyumba kila mlima na kila kona.

Siku kichwa cha Livingstone kikivuka Nakonde, sitaanza na nauli. Nitauliza kizibo cha risasi kwenye dari la tanuru kilibadilishwa lini, na nani aliingia ndani akaweka sahihi.