Mkwaju alipita Tumbi: redio ya maneno na miaka yake

Kabla ya taarifa ya habari, Radio Tanzania Dar es Salaam ilimtanguliza Morris Nyunyusa. Mzee huyo asiyeona alizipiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja, na mlio wake ukianza, kuanzia Tumbi, Kibaha, hadi Kisarawe kila mtu alijua kwamba sasa ni kunyamaza. Mwenye redio aliiweka dirishani, wasio nayo wakasogea. Betri zikichoka zilianikwa juani kando ya makopa, zikarudishwa ndani, zikasukuma maneno mawili matatu zaidi.

Kituo chenyewe kilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Tanganyika Broadcasting Corporation ilifuata mwaka 1956, na mwaka 1965 serikali ikaichukua redio moja kwa moja, ndipo tukapata RTD. Miaka mingi Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine ya kushindana nayo. Hilo lilikuwa na ubaya wake, hasa kwa aliyetaka kusikia upande wa pili wa habari. Lakini lilileta jambo moja ambalo leo halipo: nchi nzima ilicheka kichekesho kimoja jioni moja.

Na vya kuchekesha vilikuwepo. Pwagu na Pwaguzi, wajanja wawili waliojiona hawashikiki, waliwafanya hata wazee wenye makunyanzi ya hasira watoe meno. Mahoka nao walikuwa na wafuasi wao. Watoto walikuwa na Mama na Mwana, na sauti ya Deborah Mwenda ikisimulia hadithi ilitosha kumrudisha mtoto nyumbani bila kuitwa. Katikati ya hayo zilipita salamu, vifo, mashairi, mawaidha ya wakulima na masomo ya shule.

Upande wa elimu, Tumbi haikuwa ikisubiri kuelezwa kutoka Dar es Salaam, iliyo umbali wa kilomita 40 hivi. Tangu mwaka 1963, Denmark, Finland, Norway na Sweden zilikuwa zikijenga hapa mradi mmoja wenye shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima. Januari 1970 zilitukabidhi mradi huo, na leo tunauita Shirika la Elimu Kibaha. Wazo lilikuwa kwamba afya, shamba na daftari haviachani. Miaka mitatu baadaye redio ililichukua wazo la namna hiyo na kulitandaza nchi nzima.

Hiyo ndiyo kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa wiki 12 watu walikaa katika vikundi, redio katikati, kitabu mkononi, na kiongozi aliyefundishwa kazi hiyo. Viongozi wapatao 75,000 waliandaliwa, na washiriki walikadiriwa kufikia milioni mbili. Waliongea habari za malaria, kichocho, minyoo, kuhara damu na kifua kikuu. Redio ikizimwa, mjadala ulianza: nani atachimba choo, nani atafyeka majani yanayozunguka nyumba, na lini. Kwa maoni yangu, nguvu ya kampeni ile ilikuwa kwenye ile nusu ya pili, redio ikiwa kimya.

Julai 1993 RTD ilijaribu njia nyingine kabisa. Twende na Wakati ulikuwa mchezo wa mfululizo uliorushwa mara mbili kwa wiki, ukifuata mbinu za Miguel Sabido wa Mexico, aliyetumia tamthilia za televisheni kufundisha uzazi wa mpango. Mhusika aliyewateka watu hakuwa mwema. Alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mwenye mke nyumbani na wanawake kila kituo. Tunu, mkewe, alivumilia hadi akachoka, akajitafutia riziki yake. Mkwaju akaishia kwenye UKIMWI.

Mtu wa Tumbi hakuhitaji kuambiwa Mkwaju ni nani. Malori ya Zambia, Rwanda na Kongo yanapita mbele ya mlango wake kwenye barabara ya Morogoro, na wahanga wa ajali za barabara hiyo huletwa katika Hospitali ya Tumbi. Mkwaju alikuwa yule aliyesimama jana kununua maji na kuchati na muuza chipsi.

Watafiti walifanya jambo la kijanja. Dodoma haikurushiwa mchezo huo katika miaka miwili ya kwanza, ili ilinganishwe na kwingine. Walikuta kwamba uzazi wa mpango uliongezeka zaidi pale mchezo uliposikika. Dodoma nayo ilipokuja kurushiwa, mambo yakaanza kusogea. Mkorofi mwenye ulimi mtamu alikuwa amefanya kazi ambayo mabango mengi hayakuiweza.

Bahati mbaya, mwaka 1993 ndio pia sheria iliyofungua milango kwa redio binafsi ilipotungwa. Radio One ilianza kusikika mwaka 1994, nyingine zikafuata. Sikumbuki enzi ya redio moja kwa kuililia, ila mchezo wa redio unataka mwandishi, waigizaji na siku za mazoezi, na mtangazaji mmoja mwenye simu za wasikilizaji ni rahisi zaidi. Hesabu hiyo imeshinda karibu kila mahali.

Kanda za RTD zilipoanza kupigiwa debe miaka ya 2010, hasa kupitia Tanzania Heritage Project, sauti kubwa ilikuwa ya muziki. Maneno nayo yanastahili kuokolewa. Basi, msomaji, kama sandukuni mwa bibi kuna kaseti ya Pwagu na Pwaguzi au ya Mkwaju iliyorekodiwa siku ile mvua ikinyesha, usiitupe. Itafutie mtu wa kuinakili kabla ukungu haujaila.