Historia Fupi ya Joto Linalouzwa Kama Ujana

Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mtumishi wa umma, alinionesha kwenye simu tangazo la kliniki moja: mawimbi ya redio hukaza ngozi ya uso, unaingia asubuhi na kutoka mchana ukiwa kijana. Alikuwa tayari kukopa SACCOS. "Mwalimu, hiki kitu ni kipya?" Mimi si tabibu, nikamjibu kwa historia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, mjini Paris, Jacques-Arsène d'Arsonval alibaini kwamba umeme unaobadili mwelekeo kwa kasi kubwa sana, zaidi ya mara 10,000 kwa sekunde, hupita mwilini bila kushtua misuli. Kinachobaki ni joto. Tarehe 1 Oktoba 1926, mjini Boston, daktari wa upasuaji Harvey Cushing alitumia umeme wa aina hiyo, kwa kifaa cha William Bovie, kuzuia damu alipokuwa akiondoa uvimbe kichwani mwa mgonjwa. Yaani kabla ya kuitwa urembo, kitu hiki kilikuwa chombo cha kukata na kuchoma nyama.

Urembo ulichelewa. Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mashine iitwayo Thermage kwa mikunjo inayozunguka macho. Macho tu, si tumbo wala mapaja! Ruhusa nyingine zilifuata baadaye. Matangazo, kama kawaida yake, yalikuwa yametangulia.

Joto hupelekwa chini ya ngozi huku ngozi ya juu ikipozwa. Nyuzi za kolajeni husinyaa, kisha mwili, ukijitibu, hutengeneza nyingine. Kazi hiyo huchukua miezi, aghalabu miwili hadi sita, na matokeo yake ni ya wastani. Hiyo "mchana" ya tangazo ni wekundu na uvimbe. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo hapaswi kabisa kukaribia mashine hiyo. Jambo moja la kweli tangazo halikulisema: joto hili halifuati rangi ya ngozi kama zifanyavyo leza nyingi, hivyo sisi weusi lina hatari ndogo zaidi ya kutuachia mabaka.

Miaka ya mwanzo madaktari walipitisha nguvu kubwa mara moja. Wapo walioungua, na wapo waliobaki na mabonde usoni baada ya mafuta ya chini ya ngozi kuharibika. Ndipo nguvu ikapunguzwa, ikapitishwa mara kadhaa, na mgonjwa akawa anaulizwa kila hatua anahisi joto kiasi gani. Mimi ninayefundisha siasa hupenda sana sehemu hiyo: usalama uliongezeka pale aliyelala kitandani alipoanza kusikilizwa. Kumpa ganzi nzito ni kumnyamazisha.

Alipiga simu kliniki mbele yangu, akauliza mashine ni ipi, anayeiendesha amesomea nini, na akiungua atatibiwa na nani. Aliambiwa kuna punguzo hadi Ijumaa.