Ufa wa Besiboli

Msomaji, huenda hujapata kuuona mchezo wa besiboli, maana huku kwetu hauchezwi sana. Mtu mmoja hutupa mpira kwa kasi, na mpinzani wake huungoja kwa gongo. Akiupiga ukavuka ua wa uwanja, huzunguka vituo vyote vinne bila kuzuiwa, na watu hushangilia. Mipigo hiyo huhesabiwa, na Wamarekani huzitunza hesabu zake kama wazee wanavyotunza nasaba.

Mwaka 1927 Babe Ruth alipata mipigo 60 katika msimu mmoja. Ikapita miaka 34 ndipo Roger Maris akapata 61. Hesabu hiyo nayo ikasimama miaka 37. Kisha mwaka 1998 Mark McGwire akapata 70, na mwaka 2001 Barry Bonds akapata 73. Je, nguvu hizo zilitoka wapi kwa ghafula?

Kwanza fahamu kwamba mwaka 1994 wachezaji waligoma, fainali zikafutwa, na watazamaji wengi wakauchukia mchezo. Mashindano ya McGwire na Sammy Sosa mwaka 1998 ndiyo yaliyowarudisha viwanjani, na fedha zikarudi pamoja nao. Mwandishi wa habari alipoiona dawa ya kuongeza nguvu katika kabati la McGwire, wengine walimlaumu mwandishi. Dawa ile ilikuwa bado haijakatazwa katika besiboli.

Steroidi, ambazo hukuza misuli lakini huweza kudhuru moyo na ini, zilikuwa zimekatazwa kwa waraka tangu mwaka 1991. Lakini amri isiyo na mlinzi ni maneno matupu. Chama cha wachezaji kilipinga upimaji, nao wenye timu, wakiona viwanja vimejaa, hawakushika sana jambo hilo. Upimaji ulianza mwaka 2003, na adhabu mwaka 2004. Asiyeziba ufa hujenga ukuta: mwezi wa Desemba 2007 taarifa ya George Mitchell ilitaja wachezaji 89, na mwaka 2010 McGwire mwenyewe akakiri.

Sasa uliza, ni nani aliyedhulumiwa? Ni yule aliyekataa dawa, akaona mwenziwe anavimba misuli na kuchukua nafasi yake. Jina lake halimo katika kitabu cha hesabu, wala halimo katika taarifa ya Mitchell.

Bonds alikana kwa kiapo kwamba alitumia dawa hizo kwa kujua. Hata hivyo, mwaka 2022 waandishi walimnyima nafasi katika jumba la mashujaa wa mchezo huo kwa mara ya kumi, nayo ilikuwa ya mwisho kwao kumpigia kura. Mipigo 73 ingali kitabuni, ila kila aisomaye husita. Basi, msomaji, utakapopewa ulinzi wa jambo lolote, usingoje ukuta uanguke. Wanaoumia kwanza ni waaminifu.