Ziwa la lava ndani ya pikseli moja: Nyiragongo, mwezi Io na nafasi ya Goma katika sayansi ya anga

Setilaiti za Terra na Aqua zinapopita juu ya Kivu, volkano ya Nyiragongo kwao haina umbo. Kihisi cha MODIS kilichofungwa ndani yake hupima joto la ardhi kwa vipande vya kilomita moja kwa kilomita moja. Ziwa la lava lenye upana wa mita 200 hivi, kama lilivyokuwa kabla ya Mei 2021, hujaza takriban asilimia 3 tu ya kipande kama hicho. Kinachofika kwenye kompyuta ya mchambuzi ni namba moja kwa kila mkanda wa mawimbi, na ndani ya namba hiyo mmechanganyika lava iliyo wazi, gamba lililopoa juu yake, kuta za kasoko, na mara nyingi wingu.

Njia ya kuutenganisha mchanganyiko huo inajulikana. Lava ya kelvini 1,400 hung'aa zaidi kwenye wimbi la karibu mikromita 2. Gamba la kelvini 600 hung'aa zaidi karibu na mikromita 5. Ukipima mikanda miwili au zaidi ukalinganisha nguvu zake, unaweza kukadiria eneo gani lina joto lipi, ingawa hakuna jicho lililouona mpaka kati yake.

Wanaastronomia wanausoma Io, mwezi wa Mshtarii wenye shughuli nyingi za volkano kuliko gimba lolote tunalolijua, kwa hesabu hiyo hiyo. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ina kioo cha mita 6.5 na hupokea mwanga wa mikromita 0.6 hadi 28. Ukubwa huo wote haujaiondolea tatizo la MODIS. Loki Patera, bonde la lava la Io lenye upana wa kilomita 200 hivi, halizidi pikseli moja ya kipimaspektra chake cha infraredi ya karibu, kwa kuwa Webb hulitazama kutoka umbali unaozidi kilomita milioni 600. Tofauti iliyopo ni moja: juu ya Loki hakuna aliyewahi kusimama na kipimajoto.

Ninachodai ni kwamba tofauti hiyo inaipa Goma, mji ulio chini ya Nyiragongo, nafasi ambayo vyuo vyetu havijaitumia. Tumezoea kuuona mji huu kama mpokeaji wa picha zinazotoka juu, na zaidi sana kama mhanga anayepigwa picha. Kumbe ni moja ya sehemu chache duniani ambapo hesabu ya namba iliyochanganyika inaweza kuhakikiwa na watu wanaoupanda mlima kwa miguu kutoka Kibati.

Historia ya pande hizi mbili imekaribiana kuliko inavyosemwa. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa Nyiragongo ulipasuka na ziwa lake likamwagika lote kwa muda usiotimia saa moja. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Machi 1979, Stanton Peale, Patrick Cassen na Ray Reynolds walichapisha hoja kwamba mvutano wa Mshtarii na wa miezi jirani unaukanda Io kiasi cha kuyeyusha tumbo lake. Siku saba baada ya hapo Linda Morabito aliona, pembeni mwa picha ya chombo cha Voyager 1, wingu kubwa lililotupwa na volkano. Vipimo vya chombo hicho hicho vikaonyesha gesi ya salfa dioksaidi. Gesi hiyo hunyonya mwanga wa urujuanimno kwa mpangilio wake maalumu, mfano wa alama ya kidole, na darubini ya Hubble imeutumia mpangilio huo kuchunguza angahewa nyembamba ya Io. Kihisi cha OMI kwenye setilaiti ya Aura, tangu mwaka 2004, na kile cha TROPOMI, tangu 2017, huitafuta alama hiyo hiyo juu ya Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira, volkano mbili ambazo kwa miaka mingi zimehesabiwa miongoni mwa zinazotoa gesi hii kwa wingi zaidi duniani.

Mwaka 2024 watafiti wa chombo cha Juno walieleza kwamba mabonde mengi ya Io yana pete nyembamba ya moto ukingoni, huku katikati pakifunikwa na gamba. Mojawapo ya maelezo yao ni kwamba uso wa lava hupanda na kushuka, na gamba linapojisugua ukutani huvunjika na kuiacha lava wazi. Kupanda na kushuka kwa ziwa la lava si dhana kwa wanaoijua Nyiragongo. Kumeandikwa tangu Haroun Tazieff alipoanza kuichunguza kasoko hiyo mwaka 1948, na baadaye kumefuatiliwa kwa matetemeko na kwa vivuli ambavyo kuta huvitupa katika picha za rada. Sisemi kwamba Io ni Nyiragongo iliyokuzwa. Mvutano ni mdogo kule na angahewa karibu haipo. Lakini anayetaka kujua kama maelezo ya pete yanasimama ana sababu ya kwanza kuwauliza waliolitazama ziwa letu.

Afrika Mashariki imekwisha kuonja nafasi ya mwenyeji asiyesoma alichokaribisha. Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Vipimo vyake vilichambuliwa Marekani, na Riccardo Giacconi, aliyeuongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Sisi tulibaki na jina.

Najua jibu linalotolewa Goma hoja hii inapoletwa: mji umejaa waliokimbia vita, maji ni ya kutafuta, na wewe unazungumzia mwezi wa Mshtarii. Jibu hilo lingekuwa na uzito kama sayansi hizi zingekuwa mbili. Anayeweza kutenganisha joto la gamba na la lava kwenye pikseli ya Webb ameshajifunza kufanya hivyo kwenye pikseli ya MODIS. Na vita vyenyewe vinaongeza haja hiyo: vinapozifunga njia za mlimani, au waasi wa M23 wanapoiteka Goma kama ilivyotokea mwishoni mwa Januari 2025, setilaiti huendelea kupita kwa ratiba yake.

Wanaonitia shaka zaidi ni wale wanaodhani jicho la juu linatosha. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, liliwasuta. Makala iliyoongozwa na Delphine Smittarello, iliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2022, ilionyesha kwamba mlipuko ule haukutanguliwa na dalili za kawaida. Vipimatetemeko vilibadilika dakika 40 hivi tu kabla ya lava kutoka. Setilaiti ya rada isiyorudi juu ya mji ila baada ya siku kadhaa haina la kusema katika dakika 40. Ilisaidia baadaye, ilipoonyesha jinsi ardhi ilivyotanuka juu ya magma iliyojipenyeza chini ya Goma hadi chini ya Ziwa Kivu, na tarehe 27 Mei sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Kituo cha Uangalizi wa Volkano cha Goma, kilichoanzishwa mwaka 1986, ndicho chenye kazi ya zile dakika 40, na ufadhili wake kutoka Benki ya Dunia ulikuwa umekoma mwaka uliotangulia. Kuna pia mazuku, ile hewa nzito ya kaboni dioksaidi inayolala kwenye mabonde madogo kando ya ziwa na kuua mbuzi, mbwa na watu. Hakuna darubini wala setilaiti inayoiona. Huonekana na mtu aliyeshika kipimo mkononi.

Kwa hiyo vyuo vya Goma visianze na ndoto ya kujenga darubini. Vipimo vya MODIS vinapatikana bure, na vile vya Webb huwa wazi kwa yeyote kwa kawaida baada ya muda usiozidi mwaka mmoja. Kinachokosekana ni umeme usiokatika, intaneti ya kuvipakua, na mwalimu anayeweza kufundisha fizikia ya nyota na ya volkano katika somo moja. Tasnifu ya kwanza ningeielekeza kwenye wiki zilizofuata tarehe 22 Mei 2021, ziwa lilipokuwa limemwagika. Je, hesabu zetu za MODIS ziliendelea kuripoti eneo la lava lisilokuwepo, na la ukubwa gani? Kasoko iliyobomoka bado ilikuwa na joto lake, na hilo lingepaswa kutolewa kwanza kwa kutumia picha za karibu. Kosa ambalo lingebaki lingeweza kupimwa, kisha kupelekwa kwenye hesabu za Loki, ambako hadi sasa hukadiriwa tu.