Kabla Hujang'oa Boksi la Ea-klina

Kuna video zinanifikia kila wiki. Kijana amefungua boneti ya pikapu yake ya dizeli, ametupa lile boksi la plastiki lililokuja na gari, na mahali pake amefunga kichujio chekundu chenye umbo la koni. Halafu anakanyaga mafuta ili tusikie tabo ikipiga mluzi. Ni tamu kusikia, sikatai. Lakini mimi nikiona hiyo koni nakumbuka Canter ya anko wangu na mawe ya Ndarugo. Tena naona wengi wetu tunanunua hicho kitu bila kujua kilitoka wapi.

Kilitoka jangwani, na kazi yake ilikuwa nyingine.

Wacha nianze mbali kidogo. Matrekta mengi ya miaka ya 1910 yalivuta hewa hivi hivi, na shamba likilimwa ni vumbi tupu. Frank Donaldson, muuzaji wa matrekta huko Marekani, alikutana na mkulima aliyesumbuliwa na injini kuliwa na vumbi, akamuundia kitu cha kuchuja hewa. Mwaka wa 1915 akaanzisha kampuni yake Minnesota, na mpaka leo inatengeneza vichujio vya malori. Yaani hiki kitu tunachoking'oa kirahisi kilizaliwa kwa sababu ya injini iliyokufa.

Baadaye ikaja ea-klina ya oili. Ukiwa na umri wa baba yangu unaijua: Land Rover za zamani zilikuwa nayo, na Massey Ferguson pia. Ni bakuli la chuma lenye oili chini. Hewa inashuka kwa kasi na kugeuka ghafla juu ya oili, na vumbi, kwa sababu ni zito, linashindwa kugeuka na kuzama. Huhitaji kununua chochote. Unamwaga uchafu, unaosha, unatia oili mpya. Shida ni kwamba injini ikizunguka pole pole hewa haina kasi, kwa hivyo vumbi jembamba linapita tu. Ndiyo maana karatasi iliyokunjwakunjwa ikaishinda baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Karatasi inanasa hata vumbi ambalo jicho halioni, na cha ajabu ni kwamba ikichafuka kidogo inachuja vizuri zaidi kuliko ikiwa mpya, kwa sababu vumbi lenyewe linaziba vitundu vikubwa. Mtu anayeitoa kila jumamosi kuipuliza kwa pampu ya upepo anajiharibia mara mbili: anaondoa hiyo faida, na presha inapasua karatasi.

Sasa koni. Mwaka wa 1969 huko California, Ken Johnson na Norm McDonald, watu wa pikipiki, walianzisha K&N. Kichujio chao kilikuwa pamba iliyopakwa oili, katikati ya wavu wa waya. Unakiosha na kukirudisha. Kwa pikipiki ya mashindano jangwani hiyo ni akili kubwa: inapumua kwa urahisi na haizibi haraka. Na injini ya mashindano inafunguliwa mara kwa mara, ringi zikibadilishwa ni kawaida. Hakuna anayeitarajia ibebe mawe miaka kumi na tano.

Kutoka hapo mtindo ukaingia kwenye pikapu za dizeli. Dodge ilipoanza kufunga injini ya Cummins ya lita 5.9 yenye tabo, kwa modeli za 1989, Wamarekani walipata gari la kuchezea. Waliongeza dizeli kwenye pampu, na dizeli ikiongezeka bila hewa ni moshi mweusi, kwa hivyo ilibidi watafute hewa zaidi. Hapo boksi la kiwandani lilikuwa kweli linabana. Sisi tukachukua koni, tukaacha ile hesabu nyingine.

Kwa sababu injini ya dizeli si kama ya petroli. Haina kizibo cha kupima hewa. Inavuta yote inayoweza, na nguvu inapimwa kwa kiasi cha dizeli. Kama kichujio chako ni kisafi na hujagusa pampu, mara nyingi hewa ilikuwa inatosha tayari. Unachoongeza ni sauti. Tena koni ikikaa wazi karibu na injini inavuta hewa ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Pengine hata umepunguza.

Anko alifanya hivyo kwa Canter ya 4D33. Alichoka kununua ea-klina, akauziwa koni isiyo na jina, "ya kuosha, ya maisha". Ile injini ni ya lita 4.2 na haina tabo. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inameza karibu lita 4,000 za hewa, yaani mapipa ishirini ya lita 200, kila dakika, kwenye barabara ya machimbo ambapo lori la mbele hulioni kwa vumbi. Bomba la kiwandani lilikuwa limepanda nyuma ya kebini kutafuta hewa safi juu. Koni ikakaa chini, karibu na magurudumu.

Vumbi likichanganyika na oili linakuwa kama msasa. Ringi zinalika, laina zinalika. Na dizeli haina plagi ya cheche, inawaka kwa mgandamizo tu, kwa hivyo mgandamizo ukitoroka asubuhi gari halishiki. Walianza kusukuma. Kisha moshi wa bluu, kisha ukifungua kifuniko cha oili unaona upepo unatoka. Ovahoo ilikula akiba ya karo ya binamu yangu, na yeye alikaa nyumbani muhula mzima.

Sisemi koni zote ni mbaya. Mtu wa lami ambaye ameongeza mafuta kwa kipimo, amenunua chujio nzuri ndani ya boksi lililofungwa, na haimwagii oili hadi ichafue sensa ya hewa, huyo simgusi. Ninayemsema ni yule wa barabara ya murram.

Anko aliamua kurudisha ea-klina ya kawaida. Lakini boksi alikuwa ameshawauzia watu wa vyuma chakavu. Alizunguka Grogan siku mbili kabla ya kupata la mtumba, na bomba la nyuma ya kebini hakulipata kabisa. Fundi wa jua kali alimkunjia la bati, na mpaka leo likipita kwenye matuta linagonga kebini.